Yai la mjusi si yai la kuku

Jumanne alfajiri nimetoka msikitini, nikafunua kopo, nikakuta mijusi wawili. Wamejibanza ukingoni, hakuna anayefikia urefu wa kidole changu cha mwisho. Nikakaa sakafuni palepale. Mke wangu akauliza kama kuna msiba.

Hakuna msiba. Ni miaka miwili ya kuchekwa imekwisha.

Najua mnaonisoma mnataka ninachotaka mimi: mjusi kafiri wako mwenyewe, uliyemtotolesha kwa mikono yako, anayekulia mbu chumbani kwako. Basi nisikilizeni, maana mimi nililipia somo hili kwa mayai manne.

Kosa langu lilitoka kwa kuku. Hapa Ngamiani, Tanga, nina mashine ya kutotolesha niliyoiunda kwa boksi la friji bovu na taa mbili. Kuku nawajua: joto nyuzi 37 na nusu, geuza mayai angalau mara tatu kwa siku, siku ya 18 acha kugeuza, siku ya 21 vifaranga hao. Nilipoyaona mayai ya mjusi nyuma ya kabati, meupe, magumu, makubwa kama mbaazi, nikayapeleka kulekule. Nikayageuza asubuhi, mchana na jioni, kwa adabu kama namgeuza mgonjwa. Tena nilikuwa nimeona video ya Mzungu mmoja anayafukia ya kwake kwenye mchanga wa majimaji. Nami nikafukia.

Mwezi, miezi miwili, mitatu. Nikapasua moja. Harufu yake sitaieleza.

Yule Mzungu alikuwa na mjusi wa madoa kama chui, wa asili ya Pakistan na Afghanistan, ambaye yai lake lina ngozi laini na hunyonya unyevu. Huyo hata jinsia huamuliwa na joto: kwenye nyuzi 26 hivi hutoka majike wengi, kwenye 32 madume wengi. Huyu wetu wa ukutani yai lake lina ganda gumu, halitaki kulowekwa. Na kijusi cha mjusi hujishikiza mapema upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza yai, umemuua. Mimi niliua mara tatu kwa siku.

Shemeji yangu ndiye aliyeumiza zaidi. Alikwenda kusema kwenye baraza la kahawa kwamba nafuga mijusi kwa uganga. Wiki nzima watu wananisalimia kwa mbali. Shangazi simlaumu, yeye ana hoja ya dini: mjusi aliupuliza moto wa Nabii Ibrahim, na kumuua ni thawabu. Nikamwambia, "Shangazi, nawazalisha ili usikose wa kuua." Hakucheka.

Safari hii nilitia alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kuligusa, nikalihamisha lilivyolala. Kopo la siagi lenye matundu, mchanga mkavu, kizibo cha soda chenye maji pembeni, juu ya kabati la jikoni. Joto la Tanga linatosha, mashine ya nini? Yai likiwa limegandia mbao usilibandue, litapasuka. Funika hapohapo kwa kikombe chenye matundu. Na usiligeuze. Nimeshasema? Nasema tena, usiligeuze.

Jike mwenye afya mtazame shingoni: vivimbe viwili vyeupe kama maziwa ni akiba ya chokaa ya kutengenezea ganda. Asiye navyo mpe maganda ya mayai yaliyosagwa.

Ila vijana, acheni tamaa. Kuna wanaoniuliza habari za yule mjusi wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, anayeishi kwenye miti ya mikadi. Yule alikamatwa akauzwa ng'ambo mpaka akawekwa kwenye orodha kali kabisa ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na mwaka 2016 nchi ikasitisha kusafirisha wanyamapori hai. Mwacheni kwake. Mtu asiye na subira na mjusi wa dari lake atamtunza vipi wa msituni?

Wadogo wangu walianza kwa kula ngozi yao waliyojivua, kisha vinzi vya ndizi mbivu. Nyuma ya saa ya sebuleni kuna mayai mengine mawili. Betri ya saa imekufa tangu wiki iliyopita, na nimekataza mtu yeyote kuigusa.