Je, ni ubongo au utando wake unaokuza fuvu?

Swali: Daktari, mimi ni mwanafunzi wa uuguzi. Mwalimu mmoja alitufundisha kwamba fuvu la mtoto hupanuka kwa kusukumwa na ubongo unaokua. Mwingine anasema utando unaouzunguka ubongo ndio unaoamua mfupa uote wapi. Nimfuate yupi?

Jibu: Wote wawili wamesema kweli, ila wa pili amechimba zaidi.

Kati ya tando tatu zinazofunika ubongo, ule wa nje kabisa, dura mata, ni mgumu na umegandamana na fuvu kwa ndani. Mtoto huzaliwa mifupa ya kichwa ikiwa vipande vilivyotenganishwa na mishono, na mishono inapokutana ndipo penye utosi. Mfupa mpya huongezeka kwenye kingo za mishono hiyo. Mshono ukifunga, upanuzi wa hapo umekwisha.

Kusukuma kupo. Maji yakijaa kichwani mwa mtoto, kichwa huwa kikubwa kupita kiasi. Lakini msukumo peke yake haujengi mfupa. Ubongo ukikua, dura huvutika, na seli zake hutoa protini za ishara, zikiwemo FGF-2 na zile za kundi la TGF-beta. Seli za kingo za mfupa hupokea ishara hizo: ama ziendelee kuzaliana, ama zikomae na kuwa mfupa.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulitoka kwa panya. Wao wana mshono wa mbele ambao hufunga mapema, na wa katikati ya kichwa ambao hubaki wazi. Watafiti walikata kipande cha mfupa chenye mishono yote miwili, wakakizungusha, upande wa mbele ukawa nyuma, dura ikabaki palepale. Mshono uliozoea kubaki wazi, ulipokaa juu ya dura ya mbele, ulifunga. Na ule wa kufunga ukabaki wazi. Amri ilitoka chini, kwenye utando.

Jambo hili tunaliona hata kwenye chumba cha upasuaji. Ukiondoa kipande cha fuvu la mtoto mchanga, unaiona dura ikipwita kwa kila pigo la moyo. Ikiwa haijachanika, pengo lile huweza kujazwa mfupa mpya katika miezi inayofuata. Kwa mtu mzima halizibiki hivyo. Ndiyo maana tunaibandua dura taratibu sana, hasa kwenye mishono, ambako imeshika kwelikweli.

Ishara zikivurugika, mshono hufunga kabla ya wakati. Katika ugonjwa wa Apert na wa Crouzon, kasoro huwa kwenye jeni ya FGFR2, inayotengeneza kipokezi cha ishara hizo. Ubongo haukomi kukua. Hutafuta nafasi kwenye mishono iliyobaki, na umbo la kichwa hubadilika. Mshono wa katikati ukifunga, kichwa huwa kirefu na chembamba.

Utakapoanza kliniki, usitegemee utosi peke yake. Ule wa mbele mara nyingi hufunga kati ya miezi 12 na 18, lakini unaweza kuwa wazi wakati mshono mmoja umeshafunga. Pitisha kidole juu ya kila mshono utafute tuta gumu, mtazame mtoto kichwa kutoka juu, kisha pima mzunguko wake na uulinganishe na vipimo vilivyotangulia. Ukikuta tuta pamoja na umbo lililopinda, mpeleke kwa mtaalamu mapema, kwa kuwa baadhi ya upasuaji hufaa zaidi katika miezi ya mwanzo.