Mbona nzi wangu wa sponji hulala ubavu?

*Fundi, salamu kutoka Othaya. Ninajifunza kufunga nzi bandia wa kuvulia samaki aina ya trauti, na nimeanza na mbawakawa wa sponji anayeelea. Nikishamrusha mtoni mara chache, sponji huzunguka kwenye ndoano, naye hulala ubavu kisha huzama. Nimeongeza sponji lakini hali ni ile ile. Sponji yenyewe ninaikata kwenye soli ya slipazi kuukuu. Je, kosa ni la slipazi?*

Salama, mwanangu. Slipazi usiilaumu kabla hujaipima. Kata kipande kidogo, kizamishe kwenye bakuli la maji na ukiminye kikiwa huko huko chini. Kikitoa mapovu, kitupe, maana hewa inapotokea ndipo maji yataingilia. Kisipotoa kitu, na kikaibuka mara tu unapokiachia, kinafaa. Sponji ya nzi huelea kwa sababu ina vishimo vingi vya hewa, kila kimoja kimezibwa peke yake. Slipazi laini mara nyingi huwa hivyo, ila ni nene mno. Ichane kwa wembe mpya mpaka ibaki milimita 2.

Kwa maelezo yako, naona kosa liko kwenye uzi. Sponji iliyofungwa juu ya chuma kitupu lazima izunguke, kwa sababu chuma kinateleza. Zungushia ndoano uzi kwanza, kuanzia nyuma ya tundu la kufungia mshipi hadi pale inapoanza kupinda, mizunguko ikigusana. Kisha paka supaglu kwa ncha ya sindano, tone dogo kabisa. Ikizidi, hupenya kwenye sponji na kuifanya ngumu.

Sasa mkono. Mizunguko miwili ya kwanza juu ya sponji iwe legevu, iguse tu. Wa tatu uvute taratibu kuelekea chini, na wa nne ndio ukaze. Anayekaza tangu mwanzo huivuta sponji hadi upande wa pili wa ndoano, na hapo ndipo nzi wako anapopata ubavu wa kulalia. Tumia uzi wa unene wa namba 6/0, mwembamba zaidi ya huo utaikata sponji. Kabla ya kukaza, zungusha bobini, kile kishikio cha uzi, kinyume cha saa ili uzi ufunguke na kulala bapa.

Wala usiifunge sponji kila mahali. Kila uzi unapopita na kukaza, vishimo vya hewa vinapondeka. Mbawakawa hufungwa sehemu mbili tu. Chukua ndoano namba 12 na ukate ukanda wenye upana sawa na nafasi iliyo kati ya ncha ya ndoano na mgongo wake. Funga ncha ya ukanda huo nyuma, ukiuacha uelekee mkiani. Zungushia nyuzi mbili tatu za unyoya wa tausi kuelekea mbele, ziwe tumbo. Kisha kunja sponji ije mbele juu ya tumbo hilo, uifunge ukiacha milimita 2 kabla ya tundu. Hapo hapo funga miguu ya mpira, miwili kila upande, ndiyo inayomshika asiyumbe. Sponji iliyobaki mbele ikate fupi iwe kichwa, na pembe zake uzipunguze kwa mkasi.

Kule kuongeza sponji kumekuzidishia shida. Mtazame nzi wako ubavuni: sponji yote iwe juu ya mgongo wa ndoano, na chini pawe wazi mpaka kwenye ncha. Chuma kinachoning'inia chini ndicho kinachomweka wima. Ukijaza sponji hapo chini unamnyima uzito huo, na hata samaki akimdaka, ndoano haina nafasi ya kumshika.

Wewe uko Othaya, Gura iko jirani yako. Ni mto uliotiwa trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905. Nenda ukakae kimya pale vichaka vinapoinamia maji. Mimi nilikuwa nimefunga dazani nyingi za kupelekwa Uingereza kabla sijamwona trauti akila. Mbawakawa alidondoka kutoka kwenye jani akaelea, nusu ya mwili ikiwa ndani ya maji. Pua ikatokea, hata maji hayakuruka, mdudu akatoweka. Tangu siku hiyo simfungi mbawakawa akae juu juu. Ninataka tumbo lake lilowe na mgongo tu ubaki hewani, na ninampenda kuliko nzi wote wa manyoya ya kupendeza.

*Fundi, nzi wa sponji apakwe mafuta ya kuzuia maji? Na ni rangi gani inayofaa? – Msomaji, Nanyuki*

Sponji haihitaji mafuta, na tumbo la tausi liache lilowe. Akishakamata samaki, msuuze ute, mkaushe kwa kitambaa, mrushe tena. Rangi iwe nyeusi. Trauti humwona kwa chini, dhidi ya mwanga wa anga, kwa hiyo umbo ndilo analolitambua. Ila mgongoni funga kipande kidogo cha sponji ya rangi ya chungwa. Hicho ni cha macho yako, maana mbawakawa mweusi kwenye kivuli cha msitu hupotea hata akiwa karibu.