Mapunye ya mtoto hayaponi kwa kupaka tu

Hapa kwetu Tandika naona watoto wanapakwa kichwani mwaka mzima, mara klotrimazoli (krimu ya kuua fangasi), mara kitunguu saumu, mara mafuta ya taa yanayowachoma ngozi bure, na mapunye yako palepale. Inaniuma, kwa sababu dawa yake ipo na inajulikana.

Fangasi wa mapunye wanaingia ndani ya unywele wenyewe mpaka kwenye shina lake, na huko krimu haifiki. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvini au terbinafini, anayoandikiwa kwa kufuata uzito wake. Wangu wa pili alipopelekwa kliniki, daktari alimkwangua magamba yakadondokea kwenye kioo cha kupimia. Nilisogea nikatazama: kwenye yale maduara nywele zilikuwa zimekatikia usawa wa ngozi, zimebaki vidoa vyeusi. Akaandikiwa griseofulvini, nikaambiwa ameze pamoja na chakula chenye mafuta, maana hapo ndipo mwili unaifyonza vizuri. Basi kila siku ni chapati kwanza, kidonge baadaye. Dawa hiyo huenda wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Jamani, nywele zikianza kuota msiache! Malizeni dozi.

Shampuu ya ketokonazoli inapunguza kuwaambukiza wengine, ila haiwezi kushika nafasi ya kidonge. Kagua vichwa vya ndugu zake wote, na paka wa nyumbani pia kama ana sehemu zilizonyonyoka manyoya. Chanuo, kofia na taulo kila mtu awe na chake. Kwa kinyozi, hakikisha mashine imesafishwa mbele yako. Huna haja ya kuona haya kuuliza. Na kichwa kikivimba na kutoa usaha, mwahishe hospitali, kwani pakibaki kovu nywele hazioti tena.

Choa cha mwilini ni habari nyingine, hicho krimu inakimudu. Paka klotrimazoli mara 2 kwa siku, vuka kidogo ukingo wa duara, kisha endelea wiki 1 au 2 baada ya ngozi kutakata. Ninachoomba sana ni kukaa mbali na zile krimu za mchanganyiko zinazosifiwa kwamba zinakata muwasho usiku mmoja. Nyingi zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho zisizoua fangasi, kama betamethasoni au klobetasoli. Muwasho unatulia kweli, lakini kinga ya ngozi imelazwa, na fangasi wanaendelea kutambaa chini kwa chini. Baadaye duara linapoteza umbo lake, hata daktari anapata kazi kulitambua. Soma boksi ukiwa bado dukani. Ukikuta majina hayo, rudisha, omba klotrimazoli tupu.

Kuna fangasi wengine pia: yale mabaka yenye rangi iliyofifia ya shingoni na mgongoni yanayoshamiri kwenye joto la Januari na Februari hayaambukizi, kwa hiyo msimtenge mtu. Yanatibika, ila rangi ya ngozi huchukua miezi kurudi, dawa haijashindwa.

Na mtoto wa mapunye akishaanza dawa ya kumeza, aende shule. Mwalimu akimrudisha nyumbani, nenda naye kesho yake ukiwa na karatasi ya kliniki, mwelezeni taratibu.