Barua za barabarani: lango la yadi na njia ya baiskeli

Barua za safu hii hujibiwa na msimamizi mstaafu wa ujenzi wa barabara, mkazi wa Mikindani, Mombasa, ambaye mpaka leo huenda sokoni kwa baiskeli.

*Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama, naishi Jomvu. Kijana wangu yuko Gredi ya 8 na huenda shule kwa baiskeli, akifuata njia ya waenda kwa miguu na baiskeli iliyo kando ya barabara kuu. Njia yenyewe nzuri, wala haingii barabarani. Lakini kila ukienda kidogo inakatwa na lango la yadi ya makontena, na malori yanaingia na kutoka bila hata kupunguza mwendo. Juma lililopita amerudi nyumbani anatetemeka, hakusema neno mpaka alipokunywa maji. Nimwambie ashuke kila lango? Au nimkataze baiskeli kabisa?* (Mama wa Jomvu)

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na kijana mpe pole zangu. Kutetemeka huko nakujua, yameshanipata.

Ilikuwa jioni, natoka Changamwe, pakiti mbili za unga nimezifunga kwenye keria. Trela ikanipita kulia kwangu, polepole tu, na kabla mkia haujanimaliza ikapinda kushoto kuingia yadini. Kichwa cha lori kilipita mbali nami hata nikadhani nimesalimika. Lakini magurudumu ya nyuma ya trela hayafuati nyayo za kichwa, hukata kona kwa ndani. Nikairuka baiskeli. Tairi likapanda gurudumu langu la mbele, rimu ikakunjika mara mbili, unga ukatapakaa kwenye lami. Dereva hakusimama. Sidhani kama alijua, na hilo la kutojua ndilo lililoniuma kuliko rimu. Ninalitaja kwa sababu dawa imo humo humo.

Kwetu tunaendesha kushoto, na usukani uko kulia. Dereva wa lori anapopinda kushoto, upande anaopindia ndio asiouona vizuri: amekaa juu, upande wa pili wa kabini, na mtu aliye chini ya mlango wa kushoto anafichwa na mlango wenyewe. Njia ya baiskeli iko upande huo huo. Basi langoni hukutana mtu asiyeonekana na mtu asiyeweza kuona, na kila mmoja anamtegemea mwenziwe asimame.

Kesho yake nilirudi pale kutazama kwa macho ya kazi. Mdomo wa lango ulikuwa na upana wa hatua ishirini na mbili, pembe zake zimechongwa kwa duara kubwa. Mdomo wa namna hiyo unamruhusu dereva apinde bila kupunguza. Tena njia ya baiskeli ilikuwa inashuka pale langoni, inapotea, halafu inachomoza ng'ambo ya pili, ilhali lami ya yadi imeenda moja kwa moja mpaka barabara kuu. Macho ya dereva yanamwambia: hapa ni pangu, wa baiskeli ndiye anayekatiza.

Nimeishi na lami miaka mingi, na hili nalisema kwa moyo wote: kwenye lango, gari ndilo lipande, si baiskeli ishuke. Njia ya baiskeli iendelee kwa kimo kile kile na matofali yale yale, na lori lipande mwinuko kuivuka kisha lishuke. Kila dereva atauhisi mwinuko huo kitini kwake, hata asiyesoma alama. Uholanzi wamejenga hivi kwenye midomo mingi ya mitaa midogo. Na pale ambapo mmoja anampisha mwingine, huchora chini safu ya pembetatu nyeupe wanazoziita meno ya papa: unayeelekezewa ncha ndiye unayesubiri.

Wenye yadi watakwambia trela haiwezi kupinda kwenye mdomo mwembamba. Ni kweli, kontena la futi 40 linataka nafasi yake. Lakini nafasi hiyo si lazima iwe lami laini. Pembeni huwekwa mawe yaliyoinuka kidogo na yenye kukwaruza, ambayo magurudumu ya nyuma ya trela yanaweza kuyapanda bila taabu, huku pikapu na tuktuk zikiyakwepa na kulazimika kupinda taratibu. Ni kazi ndogo kwa mtu anayemiliki yadi ya makontena.

Sasa kijana. Usimkataze baiskeli. Wala kushuka kila lango si dawa, atafanya hivyo siku tatu achoke. Mfundishe mambo mawili. Anapokwenda upande mmoja na magari, hatari inatoka nyuma yake, kwa hiyo atazame juu ya bega la kulia kabla hajafika langoni, na akiona lori limewasha taa ya kushoto au limepunguza mwendo tu, alingoje lipite lote mpaka mkia. Asijipenyeze kamwe kushoto kwa lori.

Anaporudi, yeye na magari wanaelekeana, na hapo mambo yanageuka. Dereva anayetoka yadini anatazama kulia, maana magari ya barabarani yanatoka kulia. Kijana anamjia kutoka kushoto. Dereva anaweza kuwa mtu mwangalifu kabisa, ametazama kulia mara tatu, akaondoa gari bila kugeuza shingo upande wa pili hata mara moja. Muulize kijana ilikuwa asubuhi au jioni. Ikiwa ni wakati wa kurudi, nadhani ndivyo ilivyokuwa. Afunzwe kusimama mpaka aone uso wa dereva umemgeukia, na kama kioo kinameremeta kwa jua asiuone uso, asipite.

Kisha andika barua. Barabara kuu hiyo, A8 ya Mombasa kwenda Nairobi, iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za taifa, iliyoundwa kwa Sheria ya Barabara za Kenya ya 2007. Usiandike "malori yanatusumbua". Taja lango lipi, saa ngapi, piga picha ya pale njia inapopotea, na uombe kitu kimoja: njia iinuliwe ivuke lango kwa kimo chake. Nakala mpe mwenye yadi mkononi, na nyingine mwakilishi wa wadi. Wazazi wawili watatu wakitia sahihi pamoja nawe, ni bora zaidi.

*Mzee, na sisi madereva tusikizwe. Natoa mizigo bandarini, na watu wa baiskeli wanaibuka kama moshi. Tufanye nini?* (Dereva wa trela, Miritini)

Ahsante kwa kuuliza, kaka, wengi hawaulizi. Washa taa ya kupinda mapema, ungali mbali na lango, si wakati usukani umeshazunguka. Ukiwa na tanboi, msaidizi wako wa safarini, ashuke asimame kwenye njia ya baiskeli mpaka mkia uvuke. Ndiyo kazi yake kama ilivyo kazi yake kufunga kamba. Kioo cha kushoto kiinamishe kidogo uone ardhi. Na unapovuka, usisimame na trela juu ya njia ukisubiri lango lifunguliwe, kwa sababu watoto wataizunguka na kuingia barabara kuu.

La mwisho ni lile linalofanywa kwa wema: kumpungia mtoto mkono avuke. Wewe umesimama, lakini hujui anayekuja pembeni yako hatasimama. Simama, basi, ila mkono usiuinue. Mwache aamue kwa macho yake. Sababu utaiona katika barua inayofuata.

*Shikamoo mzee. Mimi nasukuma mkokoteni pale Kongowea. Tunapovukia pamechorwa milia, barabara ina njia mbili kila upande. Matatu husimama nipite, nikitokeza tu mbele yake, gari la njia ya pili linanipita puani. Kosa langu ni lipi?* (Msukuma mkokoteni)

Marahaba, ndugu yangu. Huna kosa. Matatu iliyokuhurumia ndiyo iliyokuficha. Wa njia ya pili anaona matatu imesimama, anadhani inashusha abiria, anaipita kwa mwendo. Wewe hukumwona, naye hakukuona, mpaka mmekutana.

Hesabu yenyewe ni hii. Gari la kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa mwisho kisheria mjini, huenda karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akikushtukia, sekunde moja hupita kabla mguu haujakanyaga breki, kisha gari huchukua mita 14 nyingine hivi kusimama, lami ikiwa kavu. Jumla ni kama mita 28. Kwa kilomita 30, kila kitu kinaisha ndani ya mita 13 au 14. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa kwa mtu anayegongwa na gari huongezeka mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65. Rangi ya milia haipunguzi hata mita moja kati ya hizo. Kinachopunguza ni tuta pana lenye kimo cha njia ya miguu, milia ikiwa juu yake.

Halafu mstari wa magari kusimama. Usichorwe kwenye milia yenyewe. Urudishwe nyuma mita 6 hadi 9, ili matatu ikisimama hapo, wewe ukitokeza uone njia ya pili, na wa njia ya pili akuone. Marekani hufanya hivyo kwenye barabara za njia nyingi. Gharama yake ni kopo la rangi, na katika haya yote ningeanza na hilo. Pamoja na hilo, tuktuk na vibanda vya matunda visogezwe mbali na kona ya kivuko. Najua ni riziki za watu. Hatua chache tu zinatosha, na mwenye kibanda akielezwa kwa adabu mara nyingi hukubali, maana yeye ndiye anayeona ajali zote.

Na kisiwa cha katikati. Kwa mtu wa miguu mita moja na nusu humtosha. Baiskeli ina urefu unaokaribia mita mbili, hivyo gurudumu la nyuma linabaki barabarani. Mkokoteni wako, na wewe nyuma ukiusukuma, hauwezi kuenea hapo. Ukisimamisha pua salama, mgongo wako uko kwenye njia ya magari. Nimeona visiwa vilivyopimwa kwa mtu mmoja aliyesimama wima asiye na chochote mkononi. Kongowea ni soko, hakuna anayevuka mikono mitupu.

Siku wapimaji watakapokuja, msiwaache wapime peke yao. Peleka mkokoteni wako ukiwa na mitungi ya maji imejaa, usimame nao katikati, na uwaombe waweke futi kutoka pua yake mpaka visigino vyako.