Maswali na Majibu: Fomu Mliyotia Sahihi ya Kushiriki Utafiti

Ni kweli Milgram aliua watu kwa umeme? (Mwanafunzi, Langoni)

Hapana! Swali hili halichoki kuletwa. Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, alipima utii: mtu aliagizwa kubonyeza swichi za kumpiga mwenziwe umeme kila alipokosea jibu. Mashine ilikuwa na swichi 30, volti 15 hadi 450, lakini umeme haukumfikia huyo mwenziwe. Aliyekuwa akilia aliigiza. Aliyeumia ni mbonyezaji, akitetemeka na kutokwa jasho akiamini anamtesa mwenziwe. Akitaka kuacha, aliambiwa hana budi kuendelea. Ulizeni kama nanyi mtaambiwa hivyo.

Nimeshatia sahihi. Naweza kujitoa? (Shela)

Ndiyo, hata leo, bila kutoa sababu.

Tumeahidiwa shilingi 1,000 tukimaliza siku zote nne. (Vijana, Malindi)

Hapo pana mtego. Malipo yakingoja mwisho, atakayeumia siku ya pili atavumilia kwa sababu ya pesa. Dai ulipwe kila siku. Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1971, wanafunzi waliahidiwa dola 15 kwa siku kwa wiki mbili za gereza la kuigiza. Likavunjwa siku ya 6. Zimbardo, mtafiti mkuu, ndiye aliyekuwa pia mkuu wa gereza. Mfungwa akitaka kutoka amwendee nani?

Mwanangu wa miaka 11 amehojiwa shuleni kuhusu mambo yanayomtisha. Mwalimu ndiye aliyetia sahihi. (Mzazi, Malindi)

Mwalimu si mzazi. Huanza ridhaa yako, kisha mtoto naye aulizwe. Akikataa, sahihi yako haina kazi. Nenda kadai kibali cha NACOSTI, tume ya taifa inayoruhusu utafiti Kenya, barua ya kamati ya maadili, na nakala ya fomu yenye simu ya kamati hiyo. Kibali bila barua hakitoshi. Wala usikubali kuambiwa "ni maswali tu". Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1920, wanasaikolojia wa Marekani Watson na Rayner walimtisha mtoto wa miezi 11 kwa kugonga chuma nyuma yake kila alipogusa panya mweupe. Akaondoka na hofu yake, hawakumwondolea.

Jina langu halitaandikwa. Yatosha? (Nahodha, Mkomani)

Si Lamu. "Nahodha wa Mkomani, miaka 62, mashua yake ilizama": kuna asiyemjua? Mtaa ufichwe, umri utajwe kwa mafungu, chombo kisitajwe. Orodha inayounganisha majina na namba zilizowekwa badala yake ikae mbali na majibu, imefungiwa. Uliza ufunguo wa ilipofungiwa anao nani na orodha itaharibiwa lini. Na fomu ikisomwa kwa Kiswahili cha kutafsiriwa, "kiwango cha chini cha hatari" na mengine kama hayo, mwambie mtafiti akuulize umeelewa nini. Ukishindwa kumweleza kwa maneno yako, usitie sahihi.