Msichimbie maabara athi ya peke yake!

Ndugu, simama hapo hapo. Umeuliza upime paneli kwa taa ya kuiga jua au juani, uajiri mafundi wangapi, betri zikae wapi, na umlipe au usimlipe fundi anayetaka kuchimbia maabara yenu athi (nguzo ya shaba na waya wake wa kupeleka umeme ardhini) "safi", isiyogusana na ya jengo. Usimlipe!

Nasimamia maabara ya kampuni changa ya sola hapa Kampala, na ushauri huo huo tuliuziwa na mtu mwenye vyeti vyake. Nguzo moja ya shaba mbele, ya jengo na fremu za paneli zilizo juu ya paa. Nyingine nyuma, ya vyombo vya kupimia. Eti umeme wa jengo usichafue vipimo. Jioni moja radi ikapiga mti wa jirani. Jengo haikuligusa kabisa, lakini kifaa cha kurekodi data, mashine ya kupimia betri na kompyuta yake vyote viliungua. Tulipompigia simu mshauri, akasema ni amri ya Mungu. Amri ya Mungu gani? Radi hapa kandokando ya Ziwa Viktoria ni jambo la kila msimu, na yeye alilipwa ili alijue hilo.

Iko hivi: radi ikiingia ardhini, volti za udongo hupanda sana karibu na ilipopiga na kupungua kadiri unavyokwenda mbali. Nguzo mbili zilizotengana zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya volti, na umeme unapita kwenye waya mwembamba wa data unaotoka kwenye paneli hadi kwenye chombo chako. Ziunganishe kwa shaba nene, vyote vitapanda na kushuka pamoja, kama ndege aliyetua kwenye waya mmoja.

Kinga za radi, yaani vifaa vya kuelekeza volti za ghafla kwenye athi, weka upande wa paneli, upande wa umeme wa jengo na kwenye nyaya za data pia. Nyaya za kuziunganishia ziwe fupi, jumla zisizidi nusu mita, la sivyo ni pambo tu. Ukinzani wa athi, yaani kiasi ambacho udongo unauzuia umeme kupita, upimwe Januari au Februari, udongo ukiwa mkavu. Kipimo cha Aprili, mvua ikinyesha, kitakufurahisha bure. Tafuta chini ya omu 10.

Wala si suala la mashine tu. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi Runyanya, Kiryandongo, hapa hapa Uganda. Mafundi wako watashika nyaya zinazotoka juu ya paa kila siku.

Betri za madini ya risasi na asidi zikichajiwa hutoa haidrojeni, nayo ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kulipuka. Chumba chake kiwe na matundu karibu na dari. Taa ya kuiga jua inaweza kusubiri.

Leo hii mwulize fundi wako: waya wa kuunganisha nguzo hizo mbili utapita wapi? Akikosa jibu, tafuta mwingine kabla mvua hazijaanza.