Duduk na kilio chake: maswali yenu wiki hii

Mkuu, kwenye filamu ya Gladiator kuna kitu kinalia nyuma kama mtu yuko msibani, ni vayolini ile?

Hapana kaka, hiyo duduk, ala ya kupuliza ya Waarmenia, inachongwa kwa mti wa aprikoti. Aliyeipuliza humo ni Djivan Gasparyan, mzee aliyefariki 2021 akiwa na miaka 92.

Mbona inatia simanzi hivyo, ni sababu ya mauaji ya 1915, yale Waarmenia waliyouawa kwa wingi na dola ya Ottoman?

Wengi wanasema hivyo ila mimi naona wanaikimbilia historia mapema mno. Ni kweli inapigwa kwenye kumbukumbu za mauaji yale, lakini ala yenyewe ni ya kale kuliko hapo, na harusini inapigwa vilevile watu wanacheza. We angalia pale inapopulizwa: kipande cha tete kipana, ncha imebanwa mpaka ikawa na midomo miwili, katikati kina kipete cha kukaza na kulegeza, na lazima kiloweshwe kwanza maana kikavu hakitoi kitu. Hiyo tete kubwa ndo inaleta sauti nzito yenye pumzi ndani, halafu noti zenyewe chache, oktavu moja (toka do hadi do ya juu) na kidogo, sasa mpigaji hana pa kukimbilia, anabaki kuikunja noti ileile kwa midomo mpaka inatetemeka, na hapo ndo unasikia kilio.

Shikamoo anko, nimeona video wako wawili, mmoja kashika noti moja mwanzo mwisho, si anakula hela ya bure huyo?

Marahaba, hahaa! Kazi yake inaitwa dam, mtoe uone wimbo unavyobaki mtupu. Anavuta hewa puani huku mashavu yanasukuma nyingine nje, sauti haikatiki, na mwenzake akipanda kidogo tu juu ya ile noti yake inauma, akirudi unashusha pumzi. Mi humsikiliza yeye kuliko yule wa mbele.

Ni ndugu wa nzumari yetu ya pwani?

Binamu hivi, zote za tete ya midomo miwili. Ndugu wa damu wa nzumari ni zurna, nayo Waarmenia wanayo, imetanuka mwishoni, ya uwanjani na ngoma, kelele tupu. Duduk tundu lake limenyooka tu, sauti inakaa chini.

Nianze kusikiliza nini?

Albamu za Gasparyan, ila usiweke spika ya simu bana, dam yote inapotea, vaa hedifoni.